Mbolea Mbele, Maji Nyuma

Saa kumi na moja alfajiri, kitalu cha misonobari kina baridi ya kukata masikio. Mwanamke aliyejifunga kanga juu ya koti la mvua anakoroga mbolea ya chumvichumvi ndani ya pipa kwa mpini wa jembe. Anapiga miayo, anakoroga tena.

Anachota keni moja ya kunyweshea, anaishika kwa mikono miwili na kuanza kuinywesha miche. Hatua chache nyuma yake anakuja wifi yake na keni ya maji matupu, akiisuuza miche ile ile. Ndiyo maana hapa wanamwita Bi Suuza.

"Mbolea ikikaukia kwenye majani, jua likitoka mche unaungua," ananieleza mwenye mbolea bila kugeuka. "Mimi mbele, yeye nyuma, mwaka wa tisa huu. Hata siku naolewa na kaka yake hakunifuata karibu hivi."

"Ningejua, ningekukimbia siku ile ile," anajibu Bi Suuza.

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Wamechoka, na uchovu wao si wa leo.

Bi Suuza anakaribia miaka sitini. Wiki mbili zilizopita bega lake la kulia liligoma kabisa, akabaki nyumbani. Kibarua asiyefika halipwi, wala haletwi mtu wa kushika nafasi yake, kwa hiyo mwenzake aliambiwa afanye kazi zote mbili. Mkono mmoja haulei mwana, na asubuhi ile haukulea hata mche.

Mwenye mbolea alimaliza kunywesha tuta la saba. Akapindua keni, akaikalia apumue kidogo kabla ya kwenda bombani. Usingizi ukampitia.

"Nilishtuka jua liko usoni," anasema. "Majani yamekauka, yana chumvi nyeupe. Nikajua nimekwisha. Nilikimbia na maji, wapi!"

Sasa kumepambazuka, na tuta lenyewe liko mbele yetu. Ncha za miche zimekuwa rangi ya ugoro, safu hadi safu. Inauma kulitazama.

Msimamizi si mtu mkali, ila amesema wazi: chipukizi mpya zisipotoka kufikia mwisho wa mwezi, mwenye mbolea atafute kazi kwingine. Wanaoitaka nafasi yake wako langoni kila asubuhi, ingawa ujira wenyewe ni mdogo, wa kujikuna ujipatapo. Siku ya kununua unga, sabuni inangoja.

Lakini kinachomnyima raha mama huyu ni kingine. Anasubiri wifi yake aende bombani, ndipo anapokisema.

"Nikifukuzwa, atasema ni bega lake limenifukuza. Nilimwambia akae apone. Aliposikia habari za tuta hili, kesho yake huyo hapa, bega limefungwa kitambaa. Nitamgombeza vipi? Mkubwa wangu yule. Nilipolazwa, ndiye aliyewalea wanangu."

Bi Suuza anarudi na nusu keni katika mkono wa kushoto, maji yakimmwagikia miguuni. Ninamuuliza atapumzika lini.

"Tuta lipone kwanza," anajibu kwa mkato. "Mimi ndiye niliyemwachia mzigo."

Anapita na kuendelea kusuuza. Mwenye mbolea anamsindikiza kwa macho.

"Likipona, naenda moja kwa moja kwa msimamizi," ananiambia. "Namwomba wifi ahamie kujaza udongo kwenye viriba vya miche, kazi ya kukaa. Mimi nipewe mtu mwingine wa maji. Hilo tu."

Anapiga magoti kando ya tuta la saba na kupekua majani yaliyoungua kwa kidole gumba. Anapekua mche baada ya mche. Kisha kidole kinatulia. Katikati ya majani ya ugoro kuna ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele.

Ninamuuliza kama nimwite wifi yake aje aone. Ananishika mkono haraka.

"Usimwite! Atarusha mikono juu kwa furaha, na bega lenyewe ndilo hilo. Ngoja zitoke nyingi, nitamwambia akiwa ameketi."