Kilichokua Mgongoni mwa Cephas

Huku Mbita mtu hakuzikwa kabla Cephas Obare hajalitaja jina lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alisimama nyuma ya pikapu ya rafiki yake Dishon, kipaza sauti mkononi, wakatoka sokoni na kuvuka daraja hadi kisiwa cha Rusinga, akitangaza nani amefariki, mwili unafika lini, na wapi watu wanachanga. Alitangaza pia chanjo za watoto, baraza za chifu na mikutano ya injili. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena waliacha mikono yao hewani wakamsikiliza, kisha wakaendelea. Watu walimwita Dwol, maana yake sauti, na wengine hawakujua ana jina jingine.

Alijivunia jambo moja tu: hakuwahi kutangaza uongo. Muuzaji mmoja wa dawa za nguvu za kiume aliwahi kumfuata hadi nyumbani na kumbembeleza, Cephas akamjibu kwamba kinywa kinachotangaza maiti za watu hakiwezi kutangaza chupa zile.

Miaka miwili iliyopita pikapu ilipiga shimo upande wa Rusinga na Cephas akarushwa barabarani. Aliangukia mgongo. Hospitalini walimwambia uti haukukatika ila umeumia vibaya, na kwamba huenda miguu ikarudi polepole akifanya mazoezi. Alirudi nyumbani kwa magongo. Kila asubuhi mkewe Millicent alimlaza mkekani akamkunja na kumnyoosha miguu, huku jasho likimtoka kama mtu anayekanda unga wa harusi. Miguu ikaanza kusikia kidogo. Lakini Cephas alikuwa mtu wa kusimama, na subira ilimchosha.

Dishon, ambaye dhamiri ilikuwa ikimsumbua kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, alirudi siku moja kutoka Migori na habari.

"Omera, ndugu yangu, kuna kliniki pale mjini. Wanaotesha neva mpya. Nimeona picha za watu waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, sasa wanacheza mpira."

Kliniki ile iliitwa Chipukizi na ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Ilinukia rangi mpya. Ukutani kulikuwa na zile picha, na kwenye viti wagonjwa wengi wa magoti, figo, macho. Millicent alizungumza na kila aliyekaa karibu naye, kama ilivyo tabia yake, na baadaye alisema kuna kitu kilimtatiza: wote walikuwa wamekuja mara ya kwanza. Hakumpata hata mmoja aliyerudi.

Mwenye kliniki alijiita Daktari Tony. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye tabia ya kukushika bega akizungumza.

"Seli shina," aliwaeleza, "ni seli ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Ukiiweka kwenye goti, inakuwa goti. Ukiiweka mgongoni, inakuwa mgongo."

"Inajuaje kwamba imewekwa mgongoni?" Millicent akauliza.

Tony akacheka. "Mama, hiyo ni siri ya Mungu."

"Na ikikosea?"

Tony akamgeukia Cephas, akamshika bega. "Mzee, uko tayari kutembea?"

Millicent hakuachia. Aliuliza seli hizo zinatoka wapi. Tony akasema zinatoka ng'ambo, kwenye kitovu cha mtoto mchanga mwenye afya njema, zikiwa zimegandishwa kwenye barafu.

"Mtoto wa nani?"

"Wa mtu aliyekubali kutoa."

Kwetu kondo la mtoto huzikwa nyumbani kwao, na mahali lilipozikwa ndipo kwao mpaka kufa. Millicent alimtazama mumewe akitaraji naye analifikiria hilo. Cephas alikuwa akizitazama picha za ukutani.

Walimlaza ubavu. Alisikia sindano, halafu baridi ikishuka ndani ya mfupa, baridi ambayo anasema hajapata kuisikia hata akiogelea ziwani alfajiri. Akiwa bado kitandani alimwona mwanamke akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kupitia mlango wa nyuma, uso umefunikwa kwa leso. Aliuliza ana nini. Muuguzi akafunga pazia.

Na kweli, akapona. Sisi tulioishi naye tulishuhudia. Miezi michache baada ya ile sindano aliingia kanisani bila magongo, na kwaya ikakatiza wimbo. Kama ni sindano au ni ile mikono ya Millicent ya kila asubuhi, wakati huo hakuna aliyeuliza. Tony alikuja mwenyewe Mbita na kamera na kinasa sauti. Cephas alisimama mbele ya nyumba yake na kusema maneno ambayo baadaye tuliyajua sote kwa moyo:

"Mimi ni Cephas Obare wa Mbita. Mnaijua sauti yangu. Sijawahi kuwadanganya. Nilikuwa nimelala, sasa nimesimama. Nendeni Chipukizi."

Maneno hayo yakapigwa redioni kwa Kiswahili na Kidholuo. Yakapigwa kwenye magari yenye vipaza sauti Homa Bay, Rongo, hadi malangoni pa misheni ya Asumbi. Watu walifunga safari kutoka visiwani. Hawakumfuata Tony, hawakumjua. Walimfuata Dwol.

Kati yao alikuwa Linet, mjane wa marehemu mdogo wake Cephas. Binti yake, Emmah, alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaopinda chembe za damu, na maumivu yakimshika alilia mpaka sauti ikamkauka. Linet alikuja jioni moja, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shemeji, nimpeleke na huyu?"

"Mpeleke," Cephas akasema. Hakufikiria mara mbili.

Maumivu yalianza majira ya mvua. Mwanzoni yalikuwa muwasho, kisha kama pilipili iliyopakwa ndani ya uti. Mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, na wa kulia ukafuata. Siku alipolowesha nguo kanisani bila kujua, Millicent alimfunika kwa leso yake, wakatoka kimya kimya. Simu ya Chipukizi haikupatikana tena.

Kisumu walimpiga skani. Daktari aliyewapokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaonyesha kwenye kioo weupe uliojikunja kandokando ya uti, kama mzizi unaotafuta maji. Walikata kipande kidogo wakakipeleka Nairobi kupimwa. Majibu yaliporudi, aliwaita na kufunga mlango.

"Kuna kitu kinakua humu, bwana Obare. Si kansa kama tunavyoijua. Ila seli zake si zako."

Cephas hakuelewa. "Si zangu vipi, na ziko kwangu?"

"Wewe ni mwanamume. Hizi ni za mtu wa kike. Nani, hatujui."

Millicent akashika ukingo wa meza. "Ni yule mtoto," alisema.

"Utafiti wa seli shina ni wa kweli," daktari akaendelea. "Kuna magonjwa ya damu yanayotibiwa kwa uboho wa ndugu, na wagonjwa hufuatiliwa miaka mingi. Lakini kwa mgongo bado tunajaribu, hatujafika mahali pa kuuza. Hawa wameuza kwanza."

"Zitaacha lini kukua?" Cephas akauliza.

Daktari akatikisa kichwa. "Hizi ziliwekwa pasipo na wa kuziambia ziache."

Walimpasua wakatoa walichoweza. Seli nyingine zilikuwa zimejisokota na neva zake na hazikuguswa. Alirudi nyumbani kwa gari la wagonjwa, miguu ikiwa imekufa kabisa, na usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Alimwambia Millicent kwamba akitulia sana humsikia yule mtoto. Hakusema anasikia nini. Mchana mmoja, amelala sebuleni, redio ya jirani ilianza: "Mnaijua sauti yangu. Sijawahi kuwadanganya." Cephas aliomba izimwe. Jirani hakusikia. Sauti ile ikaendelea hadi mwisho, yenye nguvu, ya mtu mzima mwenye miguu yake.

Kesho yake alimwita Dishon.

"Leta gari. Nifunge kwenye kiti, nyuma, mahali pangu."

Dishon alilia alipokuwa akimfunga kwa kamba. Wakatoka. "Tangazo la leo linanihusu mimi," Cephas alisema sokoni. "Niliwapeleka mahali pabaya. Yeyote aliyedungwa pale aende hospitali kubwa akapimwe. Ambaye hajaenda, asiende." Wanawake wa omena walisikiliza. Baadhi walijifunika nyuso. Lakini mwanamume mmoja akapaza sauti kwamba Dwol amelipwa na wenye hospitali, na Rusinga walisema amekosa imani baada ya kupona ndiyo maana ugonjwa umerudi. Redioni, alipoomba tangazo lake lisimamishwe, walimwambia watauliza wakubwa. Migori, juu ya duka la mabati, yeye na Dishon walikuta chumba kitupu, ukuta una alama safi mahali picha zilipokuwa. Mwenye duka alisema waliondoka kuelekea Isebania, mpakani, na kwamba kabla ya hapo, Tony aliwahi kuwa mahali pengine kwa jina jingine.

Linet hakutaka kusikia.

"Mwangalie!" alimwambia Cephas, akimsukuma Emmah mbele. Msichana alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa. "Tangu alipodungwa hajalia hata mara moja. Unataka niende Kisumu wanitafutie ugonjwa?"

"Hata mimi nilipona, shemeji."

"Wewe ni wewe."

Akaondoka, na kwa majuma kadhaa hakukanyaga pale. Cephas alimwona Emmah kupitia dirishani akiruka kamba na wenzake, akicheka, na kila alipomwona hivyo alimgeukia Millicent na kuuliza, "Amechoka? Anachechemea?" Millicent alimwambia hapana. Cephas alikuwa akiogopa furaha ya mtoto yule kuliko alivyowahi kuogopa kilio chake.

Emmah ndiye aliyesema. Alimfuata Millicent kwenye tangi la maji, akapandisha mkono wa sweta. Juu kidogo ya kiwiko, pale sindano ilipoingia, palikuwa na kivimbe kigumu chini ya ngozi.

"Hakiumi," alisema. "Ila kinaongezeka. Usimwambie Mama. Amefurahi sana siku hizi."

Millicent alimwambia Mama. Linet alikuja mbio akiwa na unga mikononi, akaushika ule mkono, akaubonyeza, akaubonyeza tena. Aliingia ndani akatoka na mkoba.

Walipanda pikapu wote, Cephas kwenye kiti cha mbele amefungwa mkanda mara mbili, Linet na mtoto katikati, Millicent nyuma. Mjini Homa Bay walikwama nyuma ya gari lenye vipaza sauti viwili na bango jipya, jina jipya, rangi ileile ya Chipukizi. Dishon alianza kupandisha vioo, lakini sauti ilikuwa imeshaingia.

Emmah akasikiliza. "Baba Mkubwa, huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona unawaambia waende?"

Dishon alipiga honi mpaka lile gari likapisha.

Kisumu, yule daktari wa sauti ya chini aliwatambua. Alimkalisha Emmah kitandani, akaupapasa mkono kwa vidole viwili, taratibu, kutoka kwenye kivimbe kwenda juu, mpaka karibu na kwapa. Hapo vidole vikasimama. Akarudia njia ileile. Kisha alifungua mlango na kumwita mwenzake aje, na Linet akaanza kumfunga mtoto vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, kana kwamba walikuwa wameshamaliza na wanaweza kurudi nyumbani.