Mama Mkwe Upande wa Pili wa Mbao

Wako wanaojisifu kwa mashamba na magari. Mimi najisifu kwa sindano zilizochomwa kwa saa zake kabla mtu hajaziomba, na sioni haya kusema.

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini Homa Bay, wodi ya wanaume waliofanyiwa upasuaji. Wodi ya wanawake ilitengwa na yetu kwa ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo kikohozi cha huku kilisikika kule. Daktari mgeni wa mifupa alikuja, na miongoni mwa aliowabadilishia nyonga alikuwa mama mzazi wa mke wangu, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Nyonga yake ilikuwa imechakaa hata akawa anaanika omena akiwa ameketi, huku akiwaamrisha watu wote ufukoni kwa sauti.

Sauti hiyo ndiyo iliyonishtua ilipokosekana. Wanaume wangu, waliotoka kwenye meza ileile ya upasuaji, walikuwa wakimwita Mungu na mama zao. Ng'ambo ya mbao, kimya. Sista msimamizi wa wanawake alisema kwa furaha kwamba mama yule ni shujaa. Shujaa wapi! Kwetu Wajaluo mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukaa mbali: hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama wa adabu za zamani kama huyu hakuwa tayari mkwe amsikie akigumia. Kila aliposikia sauti yangu aliuma leso yake. Mke wangu, aliyekuwa akishinda naye, aliniambia leso imeshatoboka.

Na desturi ya wodi zetu ilikuwa kwamba dawa ya maumivu hupewa anayeomba. Mpiga kelele alipata sindano, mnyamavu akahesabiwa mzima. Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alipokuja kumsimamisha, mama alishika kitanda kwa mikono miwili akakataa katakata. Niliogopa kwelikweli. Nilishawaona wazee waliokataa kusimama: kifua kinajaa, mgongo unatoka vidonda, na nyonga mpya inarudishwa nyumbani imelala kwenye godoro. Niliomba kuhamishwa wodi ili apate kulia kwa raha zake, nikaambiwa hakuna wa kushika nafasi yangu. Basi nikamwendea sista.

"Sista, yule mama anaumia."

"Amekuambia?"

"Hawezi kuniambia. Mimi ni mkwe wake."

"Mimi si mkwe wake na nimemwuliza. Ananiambia *an maber*, yuko sawa. Sasa nifanye nini?"

"Anakujibu akijua mimi nasikia! Hizi mbao haziwezi kuficha hata chafya. Mdungeni kwa saa, aombe asiombe. Na apate dawa kabla fizio hajaja, si baadaye."

Sista akanitazama juu ya miwani. "Wewe bwana, kwani bado unalipa mahari? Sasa unataka kulipa na dawa ya hospitali?"

Wauguzi wakaangua kicheko. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikapaaza sauti. "Basi wapeni wote! Huku na kule! Mkwe wa mtu na asiye mkwe wa mtu!"

Nililisema kwa hasira tu, lakini sista aliacha kucheka. Alikuwa mama wa Kikuria, mgumu kama jiwe la kusagia, na hakuna alichochukia kama upendeleo. Tulikwenda pamoja kwa daktari. Yeye aliuliza jambo moja: nani atapima pumzi za kila mgonjwa kabla ya sindano, dawa isije ikamlemea mtu?

"Huyu upande wake, mimi upande wangu," sista akasema.

Tangu hapo dawa ilipita kitanda kwa kitanda kwa saa zake. Tukaacha pia kuuliza "unaumwa?", kwa kuwa mtu mwenye heshima zake hujibu hapana. Tulisema, "Hebu geuka kidogo," kisha tukatazama uso. Wanaume wangu wakapata nguvu za kubishana juu ya mpira. Na fizio aliporudi kule ng'ambo, nilisikia gongo likigusa sakafu, halafu la pili, halafu sauti ile ya ufukoni: "Wacha kunivuta! Kwani mimi ni trela ya miwa ya Awendo?"

Nilicheka hadi nikaketi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani nilikuwa nimesimama kwenye mlango mkubwa, na gari lilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Mama akatokea na magongo yake. Aliponiona alisimama, akageuza uso kama ipasavyo. Kabla sijapata pa kujificha, alikata kona. Akapita nyuma ya jikoni, akapita kwa wafua nguo, akaizunguka hospitali nzima kwa miguu yake, mke wangu akimkimbilia na karai kichwani.

"Mbona anazunguka hivyo na gari liko hapa?" sista akauliza.

"Ananiheshimu," nikamjibu, machozi yakinitoka mchana kweupe. Sijawahi kuheshimiwa mwendo mrefu namna ile.