Jina Lililokuwa Kwenye Memori Kadi

Wahakiki wa gemu siwaamini, lakini nawasoma wote. Gemu mpya ikitoka tu wanajaa kwenye simu yangu. Mmoja anaipa tisa kwa kumi, mwingine anasema ni aibu ya mwaka, na wote wawili utakuta wameicheza siku mbili, tena kwa mashine waliyopewa bure. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina kazi ya ofisini hapa Mtwara na nyumba ya kupanga Shangani, na jioni nikishavua viatu nashika pedi ya gemu. Majirani walishaacha kushangaa. Mama hajaacha.

Nina maoni yangu, ingawa hakuna aliyeniuliza. Gemu za siku hizi zinatoka mbichi. Unanunua, unaiweka ijipakue, kifurushi cha intaneti kinakwisha kabla haijafika nusu, unaongeza kingine, na ukishaifungua unaambiwa kuna marekebisho, subiri tena. Zamani kampuni ikikosea, kosa lilibaki kwenye CD milele na sisi tukalizoea. Kulikuwa na kipa mmoja aliyekuwa anapenya katikati ya nguzo ya goli, mwili mzima, na tulimpenda. Hizi mashine mpya zisizo hata na tundu la kuingizia CD ndiyo sitaki kuzisikia kabisa. Kitu nisichoweza kumwazima mtu mkononi sikihesabu kuwa changu.

Ila kuna gemu moja imenifunga mdomo. Mwaka huu wameitoa upya ile gemu ya mpira tuliyocheza utotoni, picha zimesafishwa, hata nyasi unaziona zinavyoyumba. Wahakiki wakaisifu. Mmoja akaandika kwamba kila kitu cha zamani kimo, hakuna kilichopotea. Nilisoma sentensi hiyo nikaweka simu chini. Kipo kilichopotea, na nilikipoteza mimi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Ufukoni. Baba alinunua mashine baada ya msimu mzuri wa korosho, ile ya kizamani yenye pedi za waya. Mtoto wa mjomba, aliyeletwa kwetu kutoka kijiji cha karibu na mto Ruvuma ili asome, akawa mwenzangu wa kucheza. Tulikuwa rika moja. Tukachagua makusudi timu ya hovyo ya daraja la pili, tukaanza kuipandisha pamoja, yeye akishambulia na mimi nikilinda, maana yeye alikuwa hawezi kulinda hata sufuria ya maharage. Timu ilihifadhiwa kwenye memori kadi kwa jina lake la nyumbani, alilopewa na bibi siku aliyozaliwa. Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, la dini. Lile la nyumbani lilikuwa midomoni mwetu tu, na kwenye ile kadi. Kila ukiwasha mashine, linatokea kwenye runinga kwa herufi kubwa za njano.

Tukafika fainali ya kombe. Likizo nayo ikafika, na yeye akatakiwa kijijini kwenda jandoni.

"Binamu, fainali usiiguse," aliniambia asubuhi aliyoondoka. "Tutaicheza nikirudi."

Nikaapa. Wiki zote zile nilicheza gemu za magari, ambazo sizipendi mpaka leo.

Siku mbili kabla ya wali, yaani vijana wa jando, kutolewa, bibi alituita watoto wote wa nyumba. Akasema anayerudi si yule aliyekwenda, amepewa jina jipya. "Lile la zamani limebaki kule kule. Nikimsikia mtu analitaja, amemtukana mwenzake, na mimi amenitukana." Hakuwa anatania. Kwetu, mtu aliyetoka jandoni ukimwita kwa jina lake la utotoni umemvua nguo mbele za watu.

Mimi nikaifikiria runinga. Sherehe ingefanyika kwetu, sebule ingejaa wajomba na mashangazi, watoto wa majirani wangeng'ang'ania gemu, na lile jina lingetokea pale kwenye runinga kwa herufi za njano. Nilijaribu kulibadilisha. Gemu ilikuwa hairuhusu, ilikuwa na njia moja tu, kufuta. Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika kabisa, tena nilijiona mtoto mwenye adabu kuliko wote katika nyumba ile.

Akaja amenyolewa, amevaa vipya kuanzia juu mpaka chini, watu wanamshangilia. Kesho yake, wageni walipopungua, aliketi mbele ya runinga akawasha mashine. Kadi ilikuwa tupu. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Akanigeukia, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Siku ile sikuelewa. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba kuiulizia ile timu ilikuwa ni kulililia jina la utotoni, na mwanaume aliyetoka jandoni jana halililii. Na mimi niliona kueleza ni sawa na kulitaja. Akaandika jina lake jipya, tukaanza upya daraja la pili. Tulicheza mechi mbili kwa heshima, pasi nyingi, bila kelele. Siku ya tatu alikwenda kucheza na wavulana wenzake.

Mwaka uliofuata mjomba alihamishia biashara yake ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, akamchukua. Tangu hapo tumeonana misibani, tukiulizana habari za watoto mbele ya watu. Nimemkumbuka sana, nasema wazi. Ninao watu wa kucheza nao mtandaoni, hodari wote, lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba mimi kazi yangu ni kulinda.

Basi baada ya kusoma ile sifa ya hakuna kilichopotea, nilimwomba mama namba yake nikapiga. Tulisalimiana kirefu, kama inavyotakiwa. Kisha nikasema, "Binamu, ile timu niliifuta mimi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nani mwingine? Baba yako alikuwa hajui hata kuwasha mashine." Akacheka, na nikakisikia kile kicheko chake cha Ufukoni, cha kukatia puani.

Nikamweleza habari ya bibi, wageni na herufi za njano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Fainali haikuniuma," akasema. "Nilitaka nilione lile jina mara moja tu, halafu nilifute mwenyewe. Lilikuwa halijaandikwa popote pengine, binamu."

Nilisema samahani, akaipokea. Kisha akauliza, "Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Usilitaje."

"Silitaji."

"Liandike," akasema.

Nikainunua ile gemu, mimi na midomo yangu yote. Ilijipakua siku mbili. Kwenye nafasi ya jina nikaandika kwa pedi, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, mdomo nimeufumba. Nikachagua ile timu yetu ya hovyo. Herufi siku hizi ni nyeupe, njano wameiondoa, na wahakiki wote hawakuliona hilo. Nikapiga picha ya runinga nikamtumia, kisha nikaanza mechi.

Alama za ujumbe kusomwa zikawa za bluu, lakini jibu halikuja. Nililinda kwa nguvu zangu zote, mbele sina mtu. Nilikuwa nimeshafungwa mawili simu ilipolia mlio wa ujumbe. Aliandika neno moja: "Usilifute."