Nilikana saini yangu mbele ya bantu

Mi njo mwenye kosa. Naanza na hapo, juu nikianza na habari ya vita na shida za kambi utanihurumia mbele ya kusikia, na mi sistahili huruma yako. Nilikana saini yangu mwenyewe, na mutoto wa wenyewe njo anabeba mzigo.

Jina langu usiniulize. Mi ni fundi wa kushona, mutu wa Bukavu, niko hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tangu mwanangu wa kwanza iko tumboni. Leo ananipita kwa urefu.

Kule Lilongwe kuna chuo kikuu kimoja, sitakitaja. Kilikuwa na tawi la kusomesha wakimbizi, na wafadhili njo balikuwa banatoa feza. Mi nilikuwa nabashonea majoho ya siku ya kumaliza masomo. Kitambaa nanunua ku soko ya Tsoka, nashona hapa kambini, nabapelekea. Siku moja direkteri wa lile tawi akaniita ku biro, ile ofisi yake. "Bambo," akasema, ni mzee kwa Kichewa, "wafadhili wanataka mkimbizi mmoja ndani ya baraza la chuo. Wewe ni mtu wa kanisa. Ingia."

Nikaingia. Nilijiona, sikudanganyi. Nilijishonea hata shati ya mikutano.

Mukutano wenyewe nilikalia moja tu. Nyingine nilikuwa nasikia kwa Godelive. Huyu ni binti wa Kirundi, alikomalia hapa hapa kambini, na alikuwa karani wa lile tawi. Anaimba korali moja na bibi yangu, mama wa batoto bangu, na tangu baba yake alikufa ananiita Papa. Kila Ijumaa akirudi kambini ananiletea bahasha ya direkteri. Ndani mna PV, ile karatasi inaandikwa maneno ya mukutano. "Papa, anasema usaini hapa na hapa."

Nasaini. Sasa we unayesoma uko mbali utaniuliza, mutu mzima anasaini vipi kitu hajasoma? Njoo uishi kambini. Hapa sabuni unasainia, unga unasainia, semina ya kunawa mikono unasainia. Ukichelewesha karatasi, bantu nyuma yako banaanza kupiga kelele. Miaka yote hii mukono wangu umezoea, ukiona mistari na kalamu ya Bic unakwenda wenyewe. Na ile Kiingereza yao mi naisoma kwa kugonga-gonga.

Mara moja Godelive alinizuia. Alishika karatasi kwa kidole, akasema, "Papa, soma kwanza. Huu mukutano haukukuwa."

Nikamucheka. Nikamwambia, "Mwanangu, we uko mudogo. Bakubwa bana namna yao ya kufanya." Nikasaini, nikaendelea na pindo la suruali ya mutu.

Kumbe wanafunzi balianza kulalamika. Waliahidiwa hosteli ya wakimbizi, haikujengwa, na wengine balikuwa banabanana ndani ya chumba kimoja kule mtaa wa Area 18, mwenye nyumba anabafukuza. Maneno yakafika ku redio. Ikaundwa komite ya kuuliza chuo maswali mbele ya bantu wote, mulango wazi, kila mutu aje kusikiliza. Na karatasi zikatoka. PV zilisema baraza lilikubali feza ya hosteli itengeneze nyumba ya direkteri kule Nsungwi na imununulie gari. Chini yake, saini yangu, na ule mukia wake naoujua.

Baliniita. Ee Mungu wangu, nilivyoogopa! Dosye yetu, ile faili ya kuhamia Canada, ilikuwa imeshapita interviu mbili. Hapa kila mutu anajua, ukiwa na kesi dosye inalala, na ikilala haiamuki. Bibi yangu alikuwa ameshauza kitanda. Njia nzima ndani ya minibus nilikuwa naona pingu, naona batoto bananiangalia.

Ukumbi ulijaa. Godelive alikuwa amekaa ku benchi ya mbele, juu yee njo alikuwa anaandika zile PV akiambiwa. Aliponiona naingia, akapumua. Niliona mabega yake yanashuka. Alifikiri nimekuja kumutoa.

Mama mwenye kuongoza komite akanionesha karatasi. Mutafsiri akaniuliza, "Mzee, hii saini ni yako?"

Nikasema, "Hapana."

"Ni ya nani?"

Nikasikia sauti yangu inasema, "Sijui. Karatasi zilikuwa zinabaki na yule binti."

Godelive hakulia. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Papa?", sawa mutu anauliza kama ni mi kweli. Mi nikaangalia viatu vyangu.

Siku ya pili simu ikalia. Direkteri. "Zikomo kwambiri, bambo," akasema, yaani asante sana. "Umetusaidia. Sasa tuko pamoja." Yule mutu hakuwahi kunipigia mbele ya hapo. Nilivunja sindano mbili asubuhi ile. Polisi niliogopa, lakini tangu ile simu naogopa yee zaidi, juu anajua kitu changu, na anaweza kukitakia bei siku yoyote.

Godelive alipoteza kazi. Akafunguliwa kesi ya kughushi saini, na kila wiki mbili lazima aombe ruhusa ya kutoka kambini aende kuripoti Lilongwe. Dosye yake ikasimama. Mama yake anauza mandazi pale karibu na kisima, na bantu banapita bananunua kwa mwingine. Ku korali balimwambia apumuzike kwanza mpaka maneno yaishe. Bibi yangu aliniuliza mara moja, "Baba Furaha, ni kweli haukusaini?" Nikasema kweli. Akakunja nguo zilizokuwa mukononi, akatoka nje.

Woga ukitawala mutu, anafanya ujinga. Nikawaza, hawa bantu ba komite bakitaka kulinganisha saini, si batakuja kambini kuchukua liste za sabuni? Saini yangu iko pale miaka zaidi ya kumi! Nikaanza kujifundisha saini ingine, ya kusimama, bila mukia. Mutu mzima, na kaye, daftari la shule, sawa mutoto wa darasa la kwanza.

Wiki iliyopita siku ya sabuni nikasaini ile mupya. Kijana wa liste akaangalia karatasi ya zamani, akaangalia mupya. "Papa, hii si saini yako. Sikupi." Nikasema ni yangu. Akasema, "Hapana, mi nitaulizwa." Bantu nyuma banaanza kunung'unika, mwingine anasema huyu anataka kuibia mwenzake. Nikasema basi, acha, narudi nyumbani.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. "Mupe. Ni yee." Godelive. Alikuwa wa nne ku mustari, na beseni yake kichwani. Akasogea mpaka ku meza, akaweka kidole ku liste ya zamani. "Saini yake njo hii ya mukia. Mi naijua, nimeibeba miaka mbili. Leo mukono wake unaumwa tu. Mupe mzee sabuni yake, batoto banangoja."

Kijana akanipa. Godelive hakuniangalia kwa hasira, angeniangalia kwa hasira ningepona. Aliniangalia sawa unavyoangalia mugonjwa, akarudi ku nafasi yake, kumbe mutu wa nyuma alikuwa ameshaichukua, akaenda mwisho wa mustari.

Niliacha sabuni mezani. Nilifika nyumbani nikamwambia bibi yangu yote, toka bahasha ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kesi yake ni Alhamisi. Omba ruhusa ya kutoka."

Ndugu yangu, na we dada unayesoma, usikubali kiti juu tu ya heshima ya kukikalia. Ukiona mistari na Bic, uliza ni ya nini, hata bantu nyuma bapige kelele mpaka sauti ikauke. Na kama umeshasaini, sema umesaini. Neno moja la uongo lilinichukua sekunde, na lilimuchukulia mutoto wa bantu mwaka muzima.

Kesho njo Alhamisi. Karatasi ya ruhusa iko hapa, chini ya mashini. Dosye ya Canada itakufa, hiyo najua. Pengine nitalala ndani. Naogopa, na huenda nikifika ku ule mulango miguu itakataa. Lakini bibi yangu ameshapasi shati, na amesema tutakwenda bote wawili, yee njo atatangulia kuingia, mi nitakuwa nyuma yake.