Perege Ishirini na Mkasi Mmoja

Sheria ya kituo chetu cha kuzalisha samaki kila mtu anaijua: atakayekosea kumtambua samaki mzazi ataosha matangi yote kumi na mawili, awe mkuu, awe mfagizi.

Sheria hiyo niliitunga mimi, mkuu wa kituo.

Kwa miaka thelathini nimetenganisha kwa macho jamii mbili za perege zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Safari hii nilikuwa na perege ishirini, niliowalea tangu wangali vifaranga. Wakithibitishwa kuwa wa jamii moja tupu, wangekuwa wazazi. Wakionekana machotara, ni chunguni.

Mpimaji wetu wa vinasaba ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Aliomba kipande kidogo cha pezi la kila samaki.

"Nitakata mwenyewe," nilimwambia.

Nikaanza na kipenzi changu, dume niliyemwita Bwana Harusi.

Siku ya tatu mkwe wangu alirudi na picha ya vipimo.

"Baba, kila jamii ina alama yake. Moja hutoa mstari wa juu, nyingine wa chini. Kumi na tisa wana yote miwili."

"Yaani?"

"Machotara. Mmoja tu ndiye mwenye mstari mmoja."

"Bwana Harusi!"

"Ndiye, lakini..."

Mpishi wa kituo akachungulia mlangoni. "Mzee, nikaange au nichemshe?"

"Toka!"

Mkwe wangu hakucheka. "Baba, usinikasirikie. Mkasi uliufanyaje baada ya kila samaki?"

"Niliufuta. Kwa leso safi, iliyopigwa pasi."

"Leso ile ile?"

"Kwani mtu ana leso ngapi?"

Akafunika uso kwa viganja.

Kumbe nilikuwa nikimpaka kila samaki masalia ya mwenzake! Tukakata upya, kila pezi na wembe wake.

Majibu yalipofika nilisahau umri wangu. Kumi na tisa, mstari wa juu mtupu! Nilicheza ngoma nikiwa na mabuti yangu ya mpira hadi mlinzi akaja mbio kuuliza kulikoni.

"Na wa ishirini?"

"Wa chini mtupu. Bwana Harusi ni wa jamii nyingine kabisa, Baba. Ndiye aliyewachafulia wenzake wote majibu, maana ulianza naye."

Nikaangua kicheko mimi wa kwanza.

"Duh! Mzee kamposea Bwana Harusi kwenye ukoo usio wake!" mpishi alipiga kelele. "Makosa mawili hayo!"

Ndugu msomaji, jicho lililozoea ni shahidi mwenye kiburi, nalo lihojiwe.

Kosa la mkasi, matangi kumi na mawili. Kosa la jicho, yale yale tena. Niliyasugua yote mara mbili, tai yangu ya ukuu ikiwa shingoni, mkwe wangu akinishikia mpira wa maji.

Lilipotakata la mwisho, mpishi akalipitishia kidole.

"Haya, Mzee. Adhabu imekwisha."