Miezi Mitatu na Wifi

Wifi yake alikuja kwa wiki mbili. Ndivyo alivyosema mwenyewe mlangoni, begi moja mkononi na jingine miguuni, na Mama Pacha, aliyekuwa na pini nne mdomoni na mtoto mgongoni, akatikisa kichwa kukubali kwa kuwa hakuweza kusema lolote. Wiki mbili zikawa miezi mitatu.

Huyo wifi alikuwa matroni wa bweni kwa miaka ishirini na moja. Shule ilipomwambia sasa apumzike, hakujua kupumzika kunafanywaje, akaja kwa mdogo wake. Mdogo wake ni Baba Pacha, fundi magari anayetoka alfajiri na kurudi jioni akinuka grisi. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, kwa hiyo machoni pake hakosei, na akikosea ni wengine hawajaelewa.

Mama Pacha alishonea nyumbani. Cherehani ilikaa sebuleni kando ya dirisha, na maisha yote ya nyumba yaliizunguka. Walikuwapo mapacha wa kike wa miaka mitatu na nusu, mmoja akiitwa Kidoti kwa alama nyeusi juu ya mdomo, mwingine Bonge kwa sababu ambazo kila mtu aliziona. Mdogo wao wa miezi minane alikuwa ameanza kutambaa na kula kila kilichoanguka. Asubuhi Bonge hulia kwamba Kidoti amemwangalia. Kidoti husema hakumwangalia yeye, ameangalia sikio lake. Uji humwagika, kifungo hutolewa mdomoni mwa mdogo, na mama yao akirudi kwenye cherehani hukuta uzi umekatika.

Wifi alitazama hayo kwa siku tatu. Siku ya nne akasema, "Wifi, hapa si nyumbani, ni sokoni."

"Ni watoto, wifi."

"Bweni langu lilikuwa na watoto themanini. Ulikuwa unasikia saa ya ukutani."

Vita ikaanza hapo. Wifi akahamisha vyombo vya jikoni, sufuria zikaenda juu na sahani zikaja chini, Mama Pacha akawa mgeni kwenye kabati lake. Nguo alizozifua na kuzianika, wifi alizianua zikiwa mbichi akazirudisha kwenye beseni, eti hazijatakata. Mama Pacha naye hakulala. Taarifa ya habari aliyoisubiri wifi ikianza tu redioni, alikumbuka kuna jeans za kupindwa, akakanyaga cherehani mpaka mtangazaji hasikiki. Asubuhi walisalimiana vizuri kabisa, kama walinzi wawili wanaopokezana zamu na kila mmoja anamshuku mwenzake kwa wizi.

Kisha zikaja sare arobaini za shule, za kumalizwa ndani ya wiki tatu. Wifi akasema, "Nipe hao watoto asubuhi. Nitakaa nao chumbani, wewe ushone."

Mama Pacha alikuwa na pindo hadi kooni. Akakubali.

Siku ya tatu nyumba ilinyamaza. Alisikia sindano ikiingia na kutoka kwenye kitambaa. Alishona kwa siku moja kazi ya siku mbili, na mteja aliyekuja kupimwa akauliza kama watoto wamesafiri. Baba Pacha alipata la kusema mezani kila jioni: "Si nilikwambia? Dada ana mkono wa watoto." Mama Pacha alichukia kusikia hivyo, akachukia zaidi kwamba alikuwa anaufurahia huo ukimya.

Mambo madogo aliyaona, akayapita. Bonge, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, alianza tena. Kidoti alikunja nguo zake mwenyewe na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki. Gari la takataka likipiga honi barabarani, wote wawili walitoka mbio chumbani, wakaingia chini ya cherehani na kumng'ang'ania mguu. Alidhani ni ile honi.

Sare zilipobaki sita, alikuwa bafuni anamwogesha Kidoti. Mtoto alisimama kwenye beseni, povu hadi shingoni, akauliza taratibu, "Mama, watu wa takataka wakinichukua mimi, Bonge atabaki?"

"Nani anakuchukua?"

"Shangazi amesema. Mama akipata mtoto mwingine, wale wakubwa wenye kelele wanatiwa kwenye gari. Mimi nimenyamaza." Akafikiri kidogo. "Bonge jana alicheka."

Mama Pacha alimsuuza, akamfunga taulo, akambeba hadi sebuleni. Wifi alikuwa ameketi anakunja nepi.

"Umewaambia nini watoto wangu?"

Wifi hakujifanya hajaelewa. "Nimewaambia kinachofanya kazi."

"Wana miaka mitatu."

"Na wewe una mingapi? Wiki tatu unashona kwa raha zako. Hukuuliza hata siku moja nimewapa dawa gani."

Neno hilo lilimpata palepale lilipolengwa. Alisimama na mtoto mikononi, maji yakimchuruzika kwenye gauni.

"Kweli sikuuliza," alisema. "Hilo nitalibeba mimi. Wewe beba mabegi yako."

Baba Pacha alipofika jioni aliyakuta mlangoni. Aliambiwa kila kitu, akajibu bila kuvua viatu, "Mimi pia niliambiwa hivyohivyo. Mbona nimekua?"

"Umekua, na mpaka leo hulali taa ikizimwa."

Wifi akawaita mapacha waje kumuaga. Walikuja wamepangana bega kwa bega, mikono nyuma, wakasema kwaheri shangazi kwa sauti moja. "Ona adabu hiyo," wifi alimwambia mdogo wake. "Itaisha ndani ya wiki." Baba Pacha akachukua mabegi, akamsindikiza hadi kwake, na huko akakaa siku nne.

Aliporudi alikula bila kusema, akalala ameelekea ukutani. Kila jioni alitoka uani na simu, akaongea na dada yake kwa sauti ya chini. "Dada anakusalimu," alisema mara moja. Mama Pacha alijibu asante, akaendelea kutia vifungo.

Jumamosi moja hakwenda gereji, akawapo nyumbani gari la takataka lilipopiga honi. Aliwaona mapacha wakitupa walichoshika na kupotelea chini ya cherehani. Akainama kuwatazama. Bonge alikuwa amemziba Kidoti mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba Pacha akainuka, akatoka na pipa mwenyewe, akarudi, akanawa mikono.

Jioni ile uani simu haikuchukua dakika mbili. "Hapana, dada," Mama Pacha alimsikia akisema kupitia dirishani. "Usije. Hapana, si yeye, ni mimi ninayesema."

Aliingia, akaketi. Alisubiri labda mkewe atasema kitu. Mama Pacha alikata uzi kwa meno, akageuza gauni upande wa pili. Alikuwa bado hajamsamehe, wala dada yake, na hakuona haraka ya kufanya hivyo.