Maji Niliyotia Kwenye Betri

Nakumbuka siku moja mlio mwembamba wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri za sola uwashe taa, ulinifikia kabla sijaliona paa la zahanati yetu ya Rukanga. Pi, pi, pi, bila kupumzika. Nilijua maana yake, betri zinaishiwa nguvu, nikapunguza mwendo badala ya kukimbia. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, mwanangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana wa kwanza kijijini kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha betri za sola. Kamati ya zahanati ilitaka mwanamume. Fundi Mwadime, aliyetoka Wundanyi kuja kufunga mitambo, ndiye aliyenitetea. Alinifundisha kusafisha paneli na kujaza betri, akaniachia chupa kadhaa za maji ya betri.

"Zikiisha, nenda Voi ukanunue maji ya betri. Si ya mfereji, dada, yana chumvichumvi inayoua betri."

"Maji yetu yanashuka kutoka mlimani Kasigau, fundi. Nyinyi watu wa Wundanyi mna wivu tu."

"Ni matamu kwa chai," akacheka. "Betri hainywi chai."

Chupa zilipoisha, niliona Voi ni mbali. Nikakinga ya mfereji. Yalikuwa maangavu, baridi, na niliamini maji tunayojivunia hivyo hayawezi kudhuru kitu. Nikatia mwezi huo, na uliofuata, na mingine. Jioni ile ya mlio, betri zikafa. Mama mmoja akajifungua kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mama mkwe wake. Mungu ni mwema, mtoto alilia.

Kamati ikatuita sote wawili, mimi na Mwadime. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe, ulitia maji gani?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini niliwaona wale waliotaka mwanamume wakinikodolea macho, nikasema, "Yale aliyoniachia fundi."

Mwadime akanigeukia. "Dada, yale yalikuwa safi. Sema vizuri."

Mimi nilikuwa mtoto wa kijiji, yeye mgeni, wakaniamini. Wakamwambia asiguse tena sola ya Rukanga. Habari zikafika hadi Mata, alikoahidiwa kazi, nako wakamkataa.

Mwanangu, wewe unayekabidhiwa leo mitambo ya kuwaangazia watu wako, utakosea. Kila fundi hukosea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale unaowaogopa, kabla kosa lako halijapata mtu mwingine wa kulibeba. Na usijidanganye kwamba kwa kuficha unawalinda wasichana watakaokufuata. Mimi nilijidanganya hivyo miaka mingi. Nilipokuja kuiambia kamati ukweli, nusu yao walikuwa wamezikwa, na Wundanyi hakuna aliyejua Mwadime alihamia wapi. Mungu akupe mkono mwangalifu na moyo usiojificha. Akujalie ulale bila deni kama hili langu.

Nakwambia hivi kwa sababu nilipewa nafasi. Kabla ya kuondoka, Mwadime alipita kwetu. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kumwogopa. Hakukubali kuketi.

"Ni ya mfereji, sivyo?" aliuliza. Hakuwa na hasira. "Niambie tu mimi. Sitamwambia mtu."

Nikatazama sakafu. "Sijui unasema nini, fundi."

Aligeukia mlango.

"Haya. Kaa salama, dada."

Akatoka, akavuta mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.